Paipu Nyekundu za Kwenda Kumzika Maro

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Maro amekufa. Kwetu maro ni mama mkwe, na huyu ni mama ya bibi yangu Dorine. Amekufa jana asubuhi Rangwe, kwa kitanda yake.

Sammy ndio alipiga simu. Sammy ni ndugu ya Dorine. Nilikuwa juu ya ngazi na karai ya simiti kwa kichwa. Akasema tunazika Jumamosi ya wiki ijayo. Akasema naweza kuja, kama mtu yeyote. Nikauliza nitakaa tenti gani. Akasema tenti ya wageni ni kubwa.

Wageni! Nimeoa kwa hiyo boma. Nikauliza, na tenti ya wakwe? Akasema hiyo ni ya mabwana ya madada zake, na dada yake mwenye nilioa hayuko tena. Ni kweli hayuko. Mimi ndio nilimzika. Lakini bibi akikufa, bwana anageuka mgeni?

Halafu ameniita Bwana Maranga. Zamani aliniita ora. Ora kwetu ni shemeji. Hiyo iliniuma kuliko tenti.

Nikarudi kuchanganya simiti. Maji ilizidi. Fundi Mokaya akauliza kama napika uji.

Jioni hakuna mtu wa kuambia. Kwa hivyo naandika.

Jumanne, 5 Agosti

Maneno ya kuingia geti kwa matanga iko hivi. Kwetu Wajaluo, mzaliwa wa kwanza ni wa kwanza. Dorine alikuwa wa kwanza, Liz anamfuata. Mama yao akizikwa, bwana ya Dorine anaingia geti mbele, bwana ya Liz anakuja nyuma. Hakuna kuovateki. Hata huyo wa nyuma akuje na ndege, atangoja.

Lakini kama mimi ni mgeni, wa mbele ni Oliver.

Oliver! Bwana ya Liz. Ako na ofisi Homa Bay. Akikaa mahali anaweka funguo ya gari juu ya meza, karibu na sahani yako, ndio uione vizuri. Kwa harusi ya binamu yao aliniuliza kama hizo ni viatu ama nimetoka tu hivyo.

Leo amenipigia kuniambia pole. Pole ilikuwa fupi. Maneno ya gari ilikuwa ndefu. Anakuja na msafara, matawi imefungwa kwa boneti, honi kuanzia Rangwe mpaka kwa boma. Akasema anaweza kunipatia nafasi kwa pikapu ya nyuma, hapo na masufuria.

Nikamwambia asisumbuke, nakuja na gari yangu.

Sijui mdomo yangu ilitoa wapi hiyo. Mimi niko na gambuti, zile buti za mpira, na baiskeli yenye haina cheni.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata gari!

Ni ya Nchagwa. Nchagwa ni Mkuria, anaziba pancha kando ya barabara ya Isebania. Tulibeba mawe pamoja kabla apate hiyo kazi. Nyuma ya kibanda yake kuna gari ya spoti alinunua kwa mnada. Nyekundu. Milango mbili. Iko na bawa kwa matako. Imekaa chini kama mtu amechoka. Iko na turbo. Kuku hutaga kwa kiti ya nyuma.

Nimemwuliza inaendanga? Akasema inawaka, inatetemeka kama mbuzi imenyeshewa, inakufa. Akafungua boneti. Ndani kuna paipu ndogo ndogo za raba, nyingi, zimepita huku na huku kama minyoo. Nikafinya moja. Ikavunjika kama mandazi ya juzi.

Akanieleza. Injini inavuta hewa na hizo paipu. Zikipasuka, hewa inaingia mahali haijaitwa, injini inachanganyikiwa. Ni kama kunywa soda na mrija yenye iko na tundu. Unavuta, unavuta, unapata upepo.

Akasema nikitafuta paipu mpya, gari ni yangu hiyo Jumamosi. Yeye ataendesha, kwa sababu mimi sina laisensi na pia sijui kuendesha. Nikakubali. Mkubwa haendeshi. Mkubwa anaendeshwa.

Paipu tu! Mimi ni mtu wa mjengo. Paipu nazijua.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilienda kwa duka ya spea ya Abdinasir, hapa Migori mjini. Abdinasir alikuwa anaswali. Nikapata binti yake, Hadiya. Amezaliwa hapa hapa. Dholuo yake, hiyo lugha yetu, imenyooka kuliko yangu.

Nikasema nataka paipu ya gari. Akauliza ya maji, ya mafuta ama ya vakyum? Nikasema ya kuvuta. Akaweka mbili kwa kaunta. Moja raba nyeusi, ingine silikoni. Akasema raba ni rahisi lakini joto itaikausha, itapasuka tena. Silikoni inavumilia joto. Lakini chukua yenye ukuta yake ni nene, hiyo nyembamba injini itaivuta mpaka ilale. Na usipitishe petroli ndani yake, silikoni haipendi petroli, ni ya hewa tu.

Nikasema sawa, nipe.

Akauliza saizi. Nikasema saizi ya gari. Akasema tunapima shimo ya ndani, si unene ya nje. Shimo ni kubwa kama nini? Nikamwonyesha kidole ya mwisho. Akaangalia hiyo kidole yangu. Akasema hiyo ni ya trekta, niende nilete zile za zamani zote, apime moja moja.

Nikauliza kama iko nyekundu. Akasema iko, lakini rangi haivuti hewa.

Najua haivuti. Lakini boneti inaweza kufunguliwa na Oliver akiwa hapo.

Akaniambia bei. Nikasema narudi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefikiria siku mzima. Mokaya ameniita mara mingi nikiwa nimesimama na beleshi kama sanamu.

Mokaya ako na mpira ya levo. Ule mrefu, unaona maji ndani. Yeye anashika mwisho moja, mimi nashika mwisho ingine, maji ikitulia tunajua ukuta iko sawa. Anaupenda kuliko watu. Anaukunja mwenyewe, anauweka mwenyewe, hataki mtu aukanyage.

Leo nilikuwa na kipande ya paipu ya Nchagwa kwa mfuko. Nikaweka kando ya mpira ya levo. Saizi ni moja! Kwa nje.

Na huo mpira ni mrefu sana. Hii nyumba si kubwa hivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mokaya ni Msabato. Jumamosi yuko kanisa. Mungu ni mwema.

Nilikata kidogo kwa mwisho. Halafu kidogo tena. Nikapeleka kwa Nchagwa. Akauliza nimetoa wapi. Nikasema dukani. Akasema duka gani inauza paipu na vumbi ya simiti ndani?

Tukafunga. Zingine zilikataa, tukaweka kwa maji moto, zikakubali. Nchagwa akawasha. Ikanguruma! Kuku wote wakatoka na dirisha. Watu wa bodaboda wakasimama. Nikakaa mbele, mkono nje. Tukaenda mpaka daraja. Niliona mama wa mboga ananiangalia na heshima.

Kwa daraja ikakufa. Nchagwa akafungua boneti. Ule mpira ulikuwa umepata joto, umelegea kama tambi, injini imeufyonza mpaka pande mbili zimeshikana. Vile tu Hadiya alisema. Yeye alisema juu ya silikoni nyembamba. Hakusema juu ya mpira ya levo. Angesema.

Tulisukuma mpaka kwa kibanda. Yule mama wa mboga aliona hiyo pia.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumepima ukuta na levo. Mokaya akasema niende kona ile ingine. Nikaenda mpaka mpira ukanizuia. Akauliza mbona nasimama katikati ya nyumba. Nikamwambia mpira umerudi ndani, ni baridi. Akauangalia. Akaniangalia. Akasema mpira haujawahi kurudi ndani tangu anunue.

Nikalia matanga hapo hapo. Nikasema nataka ruhusa ya kuzika maro. Mokaya akanionea huruma. Akasema niende kesho, nirudi Jumatatu ijayo, na akanipatia pole. Ni mtu mzuri. Nilisikia vibaya kidogo, mpaka saa ya chai.

Jumanne, 12 Agosti

Kwa Hadiya tena. Nimepeleka paipu zote za zamani kwa mkebe ya mafuta ya kupika ya Kasuku. Akamwaga kwa kaunta. Akachukua vyuma za drili, akaingiza kwa shimo moja moja mpaka akapata yenye inajaa. Kumbe shimo ziko za saizi tatu: ndogo, ya katikati, na kubwa moja tu, yenye inatoka kwa turbo, ile inasukuma hewa kwa injini.

Nikasema zote nyekundu. Akasema ndogo iko nyekundu, ya katikati iko nyekundu, kubwa imebaki ya bluu.

Bluu! Gari nyekundu, paipu nyekundu, halafu moja bluu, kama suruali imewekwa kiraka. Nikasema sitaki. Nikasema anipe ya katikati, hiyo kubwa nitaivutia, silikoni inavutika. Akasema inavutika, ndio, halafu inaachilia. Akasema, "Baba, kwa turbo kuna presha. Chukua ya bluu na klipu ya kufunga."

Nikamwambia klipu sihitaji. Niko na waya ya kufunga chuma, ile ya mjengo. Imeshika maghorofa, itashindwa na paipu?

Abdinasir akatoka nyuma, akaniambia nimsikilize msichana. Nikamwambia namsikiliza sana. Nikachukua nyekundu, na ndogo nikaongeza ndefu, ya akiba.

Pesa ilikuwa ya viatu za matanga. Sasa nitavaa gambuti. Kwa gari ya chini hakuna mtu anaona miguu.

Alhamisi, 14 Agosti

Zimeingia zote. Hiyo kubwa ilikataa, nikapaka sabuni ya kuogea, ikaingia ikilia. Nikafunga na waya, nikakaza na koleo mpaka waya ikazama ndani ya paipu. Nchagwa akasema nimeinyonga. Nikamwambia yeye ni wa pancha.

Boneti ikiwa wazi ni maridadi. Kama mishipa ya damu. Nimeangalia mpaka chai ikapoa.

Tukaenda Isebania na kurudi. Turbo inapiga mluzi! Haikufa. Nchagwa alienda polepole kwa sababu ya hiyo paipu kubwa. Nimemwambia Jumamosi hakuna polepole.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepigia Sammy, nimemwambia nakuja na gari ya spoti na dereva. Akauliza kama nimekunywa. Nikasema la. Akasema sawa, kuna mahali ya kupaki ya wageni, kando ya choo.

Maro hakuwa hivyo. Hatukuwahi kula pamoja, kwetu mkwe hali mbele ya maro. Tulisalimiana kwa mbali, yeye akiangalia kando na mimi nikiangalia kando. Hata sura yake siijui vizuri. Lakini baada ya Dorine kufa, kila mwezi alituma mdogo wake kutoka Rangwe aniletee omena, dagaa ya ziwa, imefungwa kwa gazeti. Hakutuma neno. Omena tu, imekaushwa vizuri, bila mchanga.

Mtu hatumii mgeni omena.

Nimepiga pasi koti.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika yote.

Tumetoka Migori mapema. Koti, tai, gambuti. Rongo tumepita kama mshale. Kwa senta ya Rodi polisi wametusimamisha, si kwa makosa, walitaka kuona gari. Nikawafungulia boneti. Mmoja akasema hizo paipu ni safi.

Rangwe, kwa senta, tukapata msafara ya Oliver. Wamesimama wanafunga matawi. Oliver kwa suti ya kijivu, viatu inang'aa, simu kwa sikio. Nikamwambia Nchagwa, sasa. Nchagwa akakanyaga. Turbo ikapiga mluzi, moshi ikaenda juu ya hiyo suti. Nilimpungia Oliver na mkono moja, vile governor anapunga. Simu ilimtoka kwa sikio.

Wakaruka kwa magari wakatufuata na honi. Tukaingia ile njia ndogo ya kwenda kwa boma, ua huku na ua huku, gari moja tu inatosha. Jana ilinyesha, chini ni tope. Nikaona geti. Nikaona tenti. Nikaona Sammy na kipaza sauti. Nikamwambia Nchagwa aongeze, tuingie na kelele.

Akaongeza. Ndani ya boneti kitu ikasema PAA. Halafu fuuuu. Halafu kimya.

Pua ya gari ilikuwa ndani ya geti. Matako ilikuwa nje. Nchagwa akafungua boneti. Ile paipu kubwa imechomoka, waya imeikata kama kisu inakata ndizi. Akaitoa, akanipatia kwa dirisha.

Nyuma, honi. Oliver na magari yake yote, hawawezi kupita, hawawezi kugeuka. Sammy akakuja mbio. Akasema vijana wa boma wasukume hii takataka irudi nyuma, iende kwa wageni, wakwe waingie. Oliver akashuka, akatafuta mahali pakavu ya kukanyaga, akakosa. Akasema kama ni mimi nimefunga njia, yeye ataingia kwa miguu, watu wamfuate.

Mimi sikushuka. Nilifunga mlango. Sikuwa na mpango. Nilijua wakinirudisha nyuma hapo, kwa macho ya watu wote, sitarudi tena kwa hiyo boma. Omena imeisha. Dorine ameisha.

Halafu Helen akakuja. Helen ni mdogo wa maro, mama mdogo wa Dorine, mwenye alikuwa ananiletea ile omena. Alitoka jikoni na mwiko kwa mkono. Akauliza ni nini inazuia wakwe. Sammy akamwambia ni Maranga, amekuja na gari mbovu, na yeye ni mgeni.

Helen akasema, "Sammy. Kwa tumbo ya dada yangu nani alitoka kwanza?"

Sammy akasema Dorine.

"Na alipokufa, Liz akageuka wa kwanza?"

Sammy akaangalia kipaza sauti kama itamjibu. Akasema hapana, mama.

"Kila mwezi dada yangu alikuwa ananituma kwa huyu mtu. Alikuwa anasema, pelekea mkwe wangu. Hakuna siku alisema pelekea mgeni." Halafu akageuka, akanyoosha mwiko. "Oliver, wewe uko nyuma yake. Kama ya mbele imekufa, wa nyuma anasukuma."

Watu wakacheka. Hata wale walikuwa wanalia.

Na Oliver akasukuma! Suti ya kijivu, bega kwa bawa ya gari, viatu imezama. Watu wake wote wakasukuma. Nchagwa alishika usukani. Mimi nilikaa mbele, kioo chini, nikaingia geti wa kwanza, polepole, kama inatakikana. Sijawahi ona mtu ameingia vizuri hivyo. Gari ingekuwa mzima ningepita kwa dakika moja. Hivi kila mtu aliniona.

Niliposhuka wakaona gambuti. Kwa hiyo tope, mimi ndio nilikuwa nimevaa vizuri.

Nilikaa tenti ya wakwe, kiti ya mbele. Oliver nyuma yangu. Funguo hakuweka kwa meza, mikono ilikuwa matope.

Tukazika. Nikatupa udongo. Nikamwambia maro asante ya omena, na amsalimie Dorine. Nilisema polepole. Nafikiri hakuna mtu alisikia. Sammy alikuwa karibu.

Wakati ya chakula Sammy mwenyewe alileta sahani. Akaweka mbele yangu. Akasema, "Ora, kula."

Nilikula. Nyama ilikuwa moto, nikaila hivyo hivyo.

Baadaye wakwe wote walikuja kuangalia injini. Oliver akauliza nyekundu zinauzwa wapi. Nikamwambia Migori, kwa Hadiya, lakini nyekundu ni ya wakubwa. Yeye aombe ya bluu.

Jumapili, 17 Agosti

Tumerudi Migori. Sammy alitupatia kipande ya raba nyeusi kutoka kwa pampu ya shamba, na klipu mbili. Gari ilikuja mpaka nyumbani bila kulia. Lakini ni sura mbaya. Nyeusi katikati ya nyekundu! Nimeambia Nchagwa tutoe, tuweke nyekundu ingine, na waya mbili safari hii, moja ilikuwa kidogo. Nchagwa amesema nisikaribie gari yake. Atapoa.

Helen alinifungia omena kwa gazeti.

Sasa iko maneno ya Mokaya. Kesho tunapima ukuta ya juu na atataka mpira yake ya levo yote. Nimefikiria njia mzima mpaka nimepata. Ile silikoni ndogo ya akiba imebaki, ndefu, sawa sawa na yenye nilikata. Nitaiunga kwa mwisho ya mpira yake na ile waya. Atafurahi. Ni mpya, ni nene, inavumilia joto. Ni nyekundu, kwa hivyo maji haionekani ndani. Lakini tukijua maji iko, kuna haja gani ya kuiona?

Kesho narudi kazi.